Soko Likiyumba, Pesa Yako Unaipanga Hivi: Mwongozo wa Mkenya wa Kawaida

Januari 2024 dola ilikuwa imegonga karibu shilingi 160 na kila mahali ukienda, kwa matatu, kwa harusi, hadi matangani, stori ilikuwa dola tu. Mwenye alikuwa na laki moja unusu kwa akaunti anaambiwa ageuze yote juu shilingi inaenda 200. Mwisho wa Machi dola ilikuwa imerudi kama 131 hivi, na mwaka ukaisha ikiwa 129. Piga hesabu mwenyewe: aliyenunua dola 1,000 kwa 160 alitoa 160,000, akiziuza Desemba anapata 129,000. Elfu 31 zimeenda na hakuna mwizi aliyeingia kwa nyumba.

Na haikuwa uchawi. Serikali ilikuwa na deni la Eurobondi, yaani mkopo wa dola kutoka kwa wawekezaji wa nje, la dola bilioni 2 lililotakiwa kulipwa Juni 2024 na watu waliogopa haitalipa. Februari ikakopa upya dola bilioni 1.5, ikanunua sehemu kubwa ya lile deni la zamani kabla muda ufike, hofu ikaisha, dola ikateremka. Mwezi huo huo ikauza bondi ya miundombinu (bondi ni wewe kuikopesha serikali, nayo inakulipa riba) ya miaka 8 na nusu kwa riba ya 18.46% bila kodi. Ilitafuta shilingi bilioni 70, watu wakaleta maombi ya zaidi ya shilingi bilioni 280! Kwa hivo wakati mmoja anapanga foleni ya dola, mwingine kwa utulivu wake anafunga 18% kwa miaka nane.

Natumia 2024 kama mfano kwa huu mwongozo juu ulikuwa na kila kitu: shilingi kuanguka na kuinuka, riba kupanda hadi juu kisha kushuka, maandamano ya Juni, Moody's, kampuni inayopima kama nchi italipa madeni, kututeremsha Julai, na soko la hisa ambalo wengi walikuwa wamelizika likafufuka. Ukielewa mwaka huo, mwingine ukija na fujo zake hutasumbuka sana. Na kitu chenyewe ni kimoja, pesa ipangwe kwa tarehe utakayoihitaji, si kwa habari za saa moja usiku. Hatua zote hapa chini zinatoka hapo.

Hatua ya 1: Andika tarehe kabla ya kuandika riba

Chukua karatasi. Usifungue apu yoyote bado. Andika kila pesa uliyo nayo, ya benki, ya M-Pesa, ya chama, ya Sacco, alafu mbele ya kila moja andika itatumika lini na kwa nini. Karo ya Januari, kodi ya nyumba, matofali ya kule nyumbani mwaka ujao, uzeeni. Utapata makundi matatu tu: pesa ya sai hadi miezi mitatu au sita, pesa ya mwaka mmoja hadi mitatu, na pesa ambayo hata ikipotea macho miaka mitano hutalala njaa.

Najua hii inaonekana ya kitoto lakini hapa ndio watu huumia. Karo ya mtoto ikiwekwa kwa hisa, siku ya kufungua shule utaiuza kwa bei yoyote soko litakupa, soko halijali kwamba mwalimu mkuu amefukuza watoto. Na pesa ya uzeeni ikikaa kwa akaunti ya kawaida ya benki inakulwa polepole na mfumuko wa bei. Januari 2024 mfumuko ulikuwa 6.9%, Oktoba ukashuka hadi 2.7%, na hata ukiwa hapo chini bado akaunti nyingi za kawaida hazikupi hata hizo 2.7%.

Ukihesabu matumizi ya mwezi tumia payslip ya sai, si ya miaka miwili iliyopita. Makato ya nyumba ni 1.5%, SHIF ya bima ya afya ni 2.75% tangu Oktoba 2024, NSSF ya uzeeni nayo imekuwa ikipanda kila mwaka. Kuna watu wanapanga bajeti na mshahara ambao haupo tena.

Hatua ya 2: Deni la bei ghali liondoke kwanza

Hapa sina mengi. Mkopo wa simu unaotoza 7.5% kwa mwezi ni 90% kwa mwaka, na hakuna kitu halali hapa Kenya kitakulipa 90%. Kwa hivo ukiwa na Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, inayokata kila siku na huku unatafuta MMF (hazina ya soko la fedha, tutaifikia hatua ya 3) ya 11%, unajidanganya. Lipa, alafu urudi tuendelee.

Mkopo wa Sacco ni hadithi nyingine kabisa. Nyingi zinatoza 1% kwa mwezi kwa deni lililobaki, yaani 12% kwa mwaka, na huo huna haja ya kuukimbilia kwa hofu. Mkopo wa benki nao uangalie kama riba yake inabadilika. 2024 mikopo ya benki ilivuka wastani wa 16% baada ya Benki Kuu kupandisha riba yake hadi 13% Februari, alafu kuanzia Agosti Benki Kuu ikaanza kushusha, ikafunga mwaka na 11.25%. Kupandisha benki hukuandikia SMS haraka sana, kushusha ni mpaka uulize. Kwa hivo uliza, tena kwa barua pepe ndio ibaki rekodi.

Hatua ya 3: Pesa ya karibu iwe mahali unaweza kuitoa

Akiba ya dharura ya miezi mitatu ya matumizi, sita kama wewe ni wa biashara au kibarua. Iweke kwa MMF, ile hazina ya soko la fedha, juu unaitoa ndani ya siku moja mbili hivi na riba inahesabiwa kila siku. Nyingine unaanza na shilingi 100 tu kwa simu.

Vitu vitatu vya kuangalia. Kwanza, kampuni iwe na leseni ya CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji, na orodha yao iko wazi kwa tovuti ya CMA, ni dakika tano. Pili, ile asilimia wanayotangaza si ile utapata mkononi, kuna kodi ya 15% kwa riba. Wakikuambia 16% wewe andika 13.6%, na uulize kama wameshatoa ada ya usimamizi ama bado. Tatu, hiyo asilimia haijafungwa! Watu wengi 2024 waliona 16% na zaidi wakapanga maisha nayo, mwaka uliofuata zikateremka hadi karibu 10% wakaanza kulalamika kwamba wameibiwa. Hakuna aliyeibiwa, MMF inanunua dhamana za serikali na kuweka pesa benki kwa muda mfupi, riba ya nje ikishuka yao pia inashuka.

Sehemu ndogo acha benki tu, ya kodi ya nyumba na dharura ya usiku wa manane. Ukiwa na pesa nyingi benki, kumbuka benki ikifungwa KDIC, shirika la bima ya amana, inamlinda kila mteja hadi shilingi 500,000 kwa benki moja. Zaidi ya hapo gawanya benki mbili.

Hatua ya 4: Tibili na bondi, na hapa tukae kidogo

Dhamana za serikali za siku 91, 182 na 364, wengi tunaziita tibili, zinauzwa kwa mnada kila wiki na unaanzia 50,000. Hizi ndizo za pesa ya mwaka mmoja. Unainunua kwa bei ya chini na siku ikifika unalipwa 50,000 kamili. Riba ikiwa 16% kwa siku 91 unalipa kama 48,077, tofauti ni 1,923, kodi 15%, unabaki na kama 1,635. Riba ikiwa 8% kama ilivyokuwa katikati ya 2025, unalipa kama 49,020 na tofauti ni 980 tu kabla ya kodi. Ile ile karatasi, mwaka mmoja tu katikati, faida nusu.

Zamani ilibidi uende Benki Kuu na fomu, sai kuna DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu wa mtandaoni, tangu 2023, kwa simu ama kompyuta. Utaratibu uko hivi: unajisajili kwa kitambulisho, PIN ya KRA, picha na akaunti yako ya benki ya Kenya, unasubiri waidhinishe. Ukishapata akaunti unaingia kwa mnada uliofunguliwa, unaandika kiasi, na kwa sehemu ya riba chagua kukubali riba ya wastani ya mnada, usijifanye mjuaji kuandika riba yako kama huna uzoefu juu ukiandika kubwa sana unaachwa nje. Matokeo yakitoka utaona kiasi cha kulipa na namba ya malipo, unaenda benki kabla ya saa ya mwisho. Usiombe alafu usilipe, wanaweza kukufungia minada ijayo. Walio nje, kuanzia Minnesota hadi Doha, wanaweza kufanya hayo yote wakiwa huko bora wawe na akaunti ya benki hapa.

Kama una 150,000 usiweke yote kwa siku 364 kwa sababu tu riba yake iko juu kidogo. Weka 50,000 kwa 91, nyingine kwa 182, nyingine kwa 364. Riba ikipanda una pesa inaiva karibuni ya kununua mpya, ikishuka kuna ile uliyoifunga kwa bei ya zamani. Hutakuwa shujaa lakini hutakuwa mjinga pia.

Bondi sasa ni za pesa ya mbali. Unaanzia 50,000, zile za miundombinu 100,000, na unalipwa riba kila miezi sita. Kodi ni 15% kwa bondi za chini ya miaka kumi, 10% kwa za miaka kumi na zaidi, za miundombinu hazina kodi. Laki moja kwenye ile ya Februari 2024 ni 18,460 kwa mwaka, yaani 9,230 kila miezi sita, safi. Soma prospektasi, ile karatasi ya masharti ya bondi, vizuri, bondi nyingine za miundombinu hurudisha sehemu ya mtaji kabla ya mwaka wa mwisho na watu hushangaa.

Kitu ambacho wauzaji hawasemi kwa sauti: bei ya bondi na riba ya soko huenda kinyume. Tuseme 2021 ulinunua bondi inayolipa 12% na imebakisha miaka kumi, alafu ghafla mwaka wa fujo soko linataka 18%. Ukitaka kuiuza siku hiyo hakuna mtu atakupa 100 kwa 100, utapewa kama 73. Yaani kwa laki moja umepoteza elfu 27, kwa kitu ulichoambiwa hakina hatari. Ukishikilia hadi mwisho unalipwa laki yako yote, hasara ilikuwa ya anayelazimika kuuza tu. Upande wa pili, mwenye bondi ya 18% iliyobakisha miaka nane, soko likishuka hadi 13% bondi yake inauzwa kama 124. Ndio maana wale wa Februari 2024 walikuwa wanatabasamu mwaka uliofuata. Lakini hata wao, kama walitumia pesa ya karo, tabasamu lingekuwa la bahati.

Nimeulizwa sana kuhusu wale waliokopa Sacco kwa 12% wakanunua ile ya 18.46%. Kwa karatasi ilikubali, tofauti ni zaidi ya 6% bila kodi na deni la Sacco linapungua kila mwezi. Lakini angalia tarehe tena: Sacco inakata kila mwezi, bondi inalipa kila miezi sita, kwa hivo mshahara wako ndio unabeba hiyo miezi mitano ya katikati. Kazi ikiisha, wadhamini wako ndio wataanza kupigiwa simu. Kwa mwenye kazi ya kudumu na akiba kamili ya hatua ya 3, sawa. Kwa mwingine hapana, na sina aibu kusema hapana.

Na serikali ikishindwa je? Julai 2024 Moody's ilitushusha hadi Caa1, daraja la hatari kubwa ya kutolipa, na watu wakaulizana kama bondi zimeisha. Riba za bondi za shilingi ziliendelea kulipwa. Lakini usiseme haiwezekani, Ghana Desemba 2022 ilitangaza mpango wa kubadilisha bondi zake za ndani kwa nyingine za riba ndogo na muda mrefu zaidi, ikaacha zile dhamana za muda mfupi bila kuzigusa. Kwa hivo bondi ziwe sehemu ya pesa yako ya mbali, zisiwe maisha yako yote, na usidharau tibili eti ni za wazee.

Hatua ya 5: Hisa, kidogo kidogo

2023 faharasa ya hisa zote, yaani kipimo cha bei zao kwa jumla, pale NSE, soko la hisa la Nairobi, ilianguka zaidi ya robo. Safaricom iliyokuwa karibu 45 mwaka 2021 ilikuwa imefika kama 12 au 13 hivi, na kila mtu akasema NSE imekufa. 2024, mwaka wa maandamano na Mswada wa Fedha ulioondolewa, faharasa hiyo hiyo ikapanda kwa zaidi ya 30%. Nani alijua? Hakuna, na anayekuambia alijua akuonyeshe risiti.

Kwa hivo usijaribu kuotea chini kabisa. Fungua akaunti ya CDS, ile inayoweka hisa zako kielektroniki, kwa broka mwenye leseni, weka kiasi kile kile kila mwezi ama kila miezi mitatu, kiwe kinachotoka kwa lile kundi la tatu la karatasi yako. Zamani ilibidi ununue hisa mia kwa mara moja kwenye soko la kawaida, tangu Agosti 2025 unaweza kununua hata moja, kwa hivo kisingizio cha pesa kidogo kimeisha. Angalia ada ya chini ya broka lakini, ukinunua za 500 alafu ukatwe 100 umefanya kazi bure.

Chagua kampuni unazoelewa zinapata pesa wapi. Soma gawio limelipwa miaka mingapi mfululizo na limetoka kwa faida ama kwa mkopo. Tena usiwe na kampuni moja tu kwa sababu unatumia laini yake. Na siku ya bei kushuka, kabla ya kuuza jiulize kama kampuni ndiyo imebadilika ama ni wawekezaji wa nje tu wanauza haraka watoke. Juni na Julai 2024 wengi waliuza kwa sababu ya picha za TV.

Hatua ya 6: Dola ni ya mwenye bili ya dola

Una mtoto anasoma nje, unaagiza mitumba ama spea, una mkopo wa dola? Weka dola za miezi sita ijayo, ununue kidogo kidogo. Huna bili ya dola? Basi dola kwako ni kubahatisha. Na wale ndugu wanaotuma pesa nyumbani nao wajue upande wao, dola 500 iliyokuwa shilingi 80,000 Januari 2024 ilikuwa imekuwa 64,500 mwisho wa mwaka, kwa hivo mama akisema pesa imepungua hajadanganya. Kaeni chini mpange bajeti kwa bei ya chini, ikipanda ni marupurupu.

Hatua ya 7: Sacco na matapeli, haraka haraka

Sacco ni nzuri kwa mkopo nafuu na nidhamu. Angalia leseni ya SASRA, msimamizi wa Sacco, soma hesabu zilizokaguliwa (ndio, ile karatasi wanagawa AGM na watu wanaifungia mandazi), na uwe na wasiwasi wakilipa gawio kubwa wakati wanachama wanangoja mikopo miezi mitano. Akiba zako pale huzitoi kesho, kwa hivo si pesa ya dharura.

Matapeli huzaa mwaka wa fujo. Serikali yenyewe, na shida zake zote za pesa, ililipa 18% kwa mwaka na ikaitwa ghali. Mtu wa Telegram akikuahidi 10% kwa mwezi, anaitoa wapi? Usimuulize sana, toka kwa grupu.

Hatua ya mwisho: Iandike mahali mtu atapata

Weka siku mbili kwa mwaka, mfano Januari na Julai, za kurudi kwa ile karatasi ya hatua ya 1 na kubadilisha kilichobadilika maishani mwako. Mtoto amezaliwa, kazi imehama, karo imepanda. Katikati ya hizo siku mbili taarifa za soko zisome tu kama mpira wa wenyewe.

Alafu orodhesha kila akaunti: jina la kampuni, namba ya akaunti, namba ya CDS, namba ya uanachama wa Sacco. Neno la siri usiandike. Mpe mtu mmoja unayemwamini ama weka na cheti cha ndoa, na kwa fomu za MMF na Sacco hakikisha jina la mrithi ni la mtu uko naye sasa, si la ex wa 2014. Pesa ambazo hazina mwenyewe kwa miaka hupelekwa UFAA, mamlaka ya serikali ya mali zisizodaiwa, na kuzidai huko inataka barua, viapo na makaratasi ya mahakama ambayo familia iliyo kwa msiba haina nguvu ya kuzungusha.